Tiba ya Wiki Mbili na Mgonjwa wa Siku ya Thelathini na Moja

Kuanzia Juni hadi Agosti, vyuo vya Ulaya na Marekani vinapokuwa vimefungwa na barabara zetu zimekauka, makanisa mengi ya Mwanza, Geita, Mara na Kagera hupokea vikundi vya Wakristo kutoka ng'ambo wanaokuja kutoa huduma za tiba kwa siku kumi au wiki mbili. Katika kikundi kimoja anaweza kuwamo daktari bingwa wa upasuaji, wauguzi wachache, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa pili, na waumini kadhaa wasio na taaluma yoyote ya afya ambao kazi yao itakuwa kupanga foleni, kupima uzito na kuomba na wagonjwa. Wamejilipia nauli au wamechangiwa na washirika wenzao, na wengi wametoa likizo yao ya mwaka kwa ajili ya safari hii. Juu yao kuna kauli mbili zinazopingana, na zote husemwa na watu makini wa imani ileile: kwamba wanaokoa maisha pale ambapo huduma haijafika, na kwamba wanakuja kujiridhisha nafsi kwa kutumia miili ya maskini. Naona kila kauli ina ushahidi wake. Zote mbili, hata hivyo, zinamtazama mgeni tu, ilhali jibu liko kwa yule anayebaki na mgonjwa ndege ikishaondoka.

Wanaotetea ziara hizi wana hoja nzito kuliko wapinzani wanavyokubali. Upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa mikono iliyozoea, hauchukui nusu saa. Kesho yake bandeji huondolewa, mgonjwa hupewa matone ya kutumia kwa wiki chache, na mzee aliyekuwa akiongozwa kwa fimbo na mjukuu wake anarudi kwake akiona njia. Ngiri na mdomo sungura ni vivyo hivyo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa ni tatizo moja na upasuaji mmoja, na matokeo yake hudumu. Kwa magonjwa ya namna hii, kumwambia mgonjwa kwamba daktari wake alikaa siku kumi tu hakumpunguzii chochote.

Tena kuna jiografia. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema anayekuja hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, anavuka kwa dakika chache, lakini wilaya ya Ukerewe peke yake ina visiwa 38, na mtu wa Irugwa au Ukara bado anategemea chombo cha majini. Wote tunakumbuka Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 200. Mvuvi wa dagaa mwenye uvimbe tumboni anahesabu nauli, mtu wa kumsindikiza, siku za kazi atakazopoteza na hali ya Ziwa Victoria, kisha anaamua kuvumilia. Ndiyo sababu Kanisa la Africa Inland Tanzania, kwa kushirikiana na shirika la Vine Trust la Scotland, liliingiza ziwani meli ya tiba ya MV Jubilee Hope, ambamo wataalamu wa kujitolea kutoka nje huungana kwa muda mfupi na wahudumu wa Kitanzania. Mwenye kubeza mpango kama huo aende kwanza akaishi kisiwani msimu mmoja wa upepo.

Sasa tutazame upande wa pili, na hapa sitapita haraka, maana ndipo madhara yanapotokea bila mtu kuyaona. Chukua mfano wa mama wa Kayenze mwenye umri wa miaka hamsini na kitu ambaye amesikia kanisani kwamba wazungu wanatibu bure. Anafika alfajiri, anakaa kwenye benchi la kanisa hadi saa sita, na zamu yake ikifika anaeleza kwa Kisukuma kwamba kichwa kinagonga na miguu inawaka moto. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anayageuza maneno hayo kuwa Kiswahili, mwingine anayageuza kuwa Kiingereza, na kinachomfikia daktari ni kwamba mgonjwa anaumwa kichwa. Mashine inasoma 182 kwa 110. Anaandikiwa vidonge vya presha vya siku thelathini, anatiliwa kwenye bahasha iliyoandikwa 1x1, anaombewa, anaondoka akiwa na furaha ya kweli. Siku ya thelathini na moja vidonge vimekwisha. Kwa uzoefu wake wa malaria, dawa ikiisha maana yake ni kwamba amemaliza dozi. Hakuna aliyepata nafasi ya kumweleza kwamba dawa hii ni ya maisha. Hata kama angeelewa, jina lake halimo katika vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za wagonjwa, vya zahanati yake, mganga wa pale hajui kwamba aliwahi kupimwa, na boksi lenye jina la dawa lilibaki kambini. Katika taarifa itakayosomwa kwenye ibada huko ng'ambo, mama huyu atakuwa mmoja wa wagonjwa mia kadhaa waliohudumiwa, na taarifa haitakuwa imesema uongo.

Kisukari, kifafa na selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa, huangukia kundi hilohilo. Kichocho kina ugumu wa aina nyingine: dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa lakini haiui ile michanga, na mgonjwa anarudi kuchota maji na kuoga palepale penye konokono wanaokieneza. Haki inanitaka niongeze kwamba kikwazo hicho hukikuta pia kampeni za kitaifa za kugawa dawa mashuleni, kwa hiyo si halali kukifanya kosa la wageni peke yao.

Liko pia suala la sifa za mtoa huduma. Sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari na wataalamu wa afya inamtaka daktari mgeni asajiliwe kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika, na dawa zinazoingizwa nchini, hata za msaada, zinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake zinapofika nchini. Wapo wanaoona taratibu hizi kuwa urasimu wa kuwakatisha tamaa watu wema. Mimi naziona kuwa heshima ndogo kabisa anayostahili mgonjwa wetu, kwani mwanafunzi ambaye kwao haruhusiwi kushona jeraha bila msimamizi hapati ruhusa hiyo kwa sababu tu ameshuka uwanja wa ndege wa Mwanza akiwa na Biblia mkononi.

Ziwa hili lina mfano mchungu. Huko Jinja, Uganda, binti wa Kimarekani aliyekwenda kwanza kama mmisionari wa kujitolea, bila mafunzo ya tiba, alianzisha kituo cha watoto wenye utapiamlo mkali, na kati ya mwaka 2010 na 2015 watoto zaidi ya 100 walifariki wakiwa chini ya uangalizi wa kituo hicho. Mwaka 2019 akina mama wawili walifungua kesi, iliyomalizika mwaka 2020 kwa makubaliano bila kukiri kosa. Watetezi wake walieleza kwamba watoto wengi waliletwa wakiwa mahututi na kwamba walio wengi walipona, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Yeye alikaa kwa miaka, si kwa wiki mbili. Kosa linalofundishwa na kisa kile ni kuamini kwamba wito unaweza kushika nafasi ya mafunzo, na imani hiyo husafiri pia na vikundi vya muda mfupi.

Wakristo tunapojadili jambo hili huwa tunamtaja Msamaria mwema, na tuna haki. Alikuwa mpita njia, na huduma yake ilikuwa fupi kuliko ya kikundi chochote kinachofika Mwanza. Lakini Luka anaeleza kwamba alimpeleka majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaagiza atunzwe, akaahidi kulipa gharama itakayozidi atakaporudi. Huduma yake ilikamilika kwa sababu palikuwa na mtu wa kumkabidhi mgonjwa, na kwa sababu alilipa. Kwetu mwenye nyumba ya wageni ni zahanati ya kijiji, hospitali teule ya wilaya, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, Bugando. Kikundi kinachofungua kambi chini ya hema kilomita mbili kutoka zahanati, bila kumjulisha mganga mfawidhi, kimempita huyo mtu mlangoni.

Historia ya maziwa yetu inaelekea hukohuko. Daktari John Smith wa misheni ya Kianglikana ya CMS alifariki Kageye, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mwaka 1877, muda mfupi baada ya kufika ziwani. Kuja huku wakati ule kulikuwa kutoa maisha. Adrian Atiman, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa udaktari Malta, aliwatibu watu wa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Bugando yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1971, iliimarika pale chuo cha udaktari kilipoanzishwa hapo mwaka 2003 na wataalamu wa nje wakaja kufundisha kwa kupokezana mwaka hadi mwaka. Ziara ya kila mmoja wao ilikuwa fupi. Darasa halikufungwa alipoondoka.

Kuhusu mahubiri nitasema machache. Kikundi cha Kikristo kina haki ya kujitambulisha, na wagonjwa wengi wa huku huomba wenyewe kuombewa. Meza ya maombi ikiwekwa kabla ya dirisha la dawa, hata hivyo, mvuvi Mwislamu wa Igombe hana namna ya kukataa, na sala isiyoweza kukataliwa haimtukuzi Mungu.

Suala la fedha ndilo gumu kwangu. Nauli ya mtu mmoja kutoka Marekani hadi Mwanza na kurudi ni nadra kupungua dola 1,000, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili. Kwa kiwango cha shilingi 30,000 ambacho kaya ya watu sita ilikuwa ikichangia CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, kwa mwaka, kiasi hicho kingezikatia bima kaya zaidi ya sitini. Na wakati tunapokea wapima presha kutoka ng'ambo, tuna vijana wetu waliohitimu uuguzi na utabibu wanaokaa nyumbani wakisubiri ajira. Jibu la watetezi ni kwamba fedha hizo zisingetumwa bila safari, na kwamba mtu aliyeiona wodi ya watoto kwa macho yake huendelea kuichangia kwa miaka. Nakubali kwamba ni kweli kwa baadhi. Kwa hiyo sipendekezi safari zifutwe. Napendekeza kila kikundi kichange kwa ajili ya hospitali mwenyeji angalau kiasi kilichochangwa kwa ajili ya tiketi, na fedha hizo zitangulie kufika.

Serikali yetu nayo, tangu mwaka 2024, imekuwa ikituma madaktari bingwa wa Mama Samia katika hospitali za halmashauri kwa siku chache kila mahali. Nao wanapaswa kuulizwa maswali haya haya, ila wana faida moja iliyo wazi: wanafanya kazi ndani ya hospitali iliyopo, pamoja na daktari atakayebaki, kwa lugha ya mgonjwa.

Sehemu ya lawama ni yetu wenyeji. Barua ya kuomba kuja ikifika parokiani au dayosisini, tunajibu karibuni kabla ya kumuuliza mganga mkuu wa wilaya anahitaji nini, kwa hofu kwamba tukikataa wafadhili watahama. Tungeweza kujibu kwa adabu kwamba tunahitaji daktari wa macho na si wanafunzi kumi, kwamba dawa zinunuliwe hapa nchini zikiwa zilezile ambazo zahanati itaendelea kuwa nazo, kwamba kila mgonjwa aandikwe kwenye kitabu cha zahanati yake, na kwamba tarehe itapangwa na hospitali. Huko Ukara kuna Kituo cha Afya cha Bwisya, kilichojengwa kwa sehemu ya michango ya maafa ya MV Nyerere, na kikundi kinachotaka kuwahudumia watu wa kisiwa hicho kinapaswa kufanyia kazi humo. Katika visiwa visivyo na kituo, kikundi kisichoweza kutimiza zaidi ya jambo moja kwa wiki mbili kiache kugawa vidonge vya siku thelathini. Kipime watu, kiandike majina na vipimo vyao, kikabidhi orodha katika hospitali ya wilaya ya Ukerewe, Nansio, kisha kilipe nauli ya chombo na ya msindikizaji kwa wale wanaohitaji kufika hospitali.