Japani Si Fimbo ya Kuwachapia Watoto

Katika shule niliyofundisha miaka kadhaa iliyopita, mwalimu wa zamu alikuta karatasi za pipi uwanjani wakati wa mstari wa asubuhi. Aliwasimamisha wanafunzi juani kwa karibu nusu saa akiwasimulia habari za Wajapani: kwamba watoto wa Japani hufanya usafi wa madarasa yao wenyewe, kwamba mashabiki wao huokota takataka viwanjani baada ya mechi za Kombe la Dunia, na kwamba hiyo ndiyo sababu wenzetu wameendelea na sisi tumebaki tulipo. Watoto waliokuwa wakiambiwa maneno hayo walikuwa wamefika shuleni kabla ya saa moja, wengine na fagio za chelewa mkononi na wengine na madumu ya maji kichwani, na uwanja ule ule walikuwa wameufagia wao. Hakuna aliyewaambia kwamba jambo wanalosifiwa watoto wa Japani ni jambo wanalolifanya wao kila siku ya Mungu.

Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi, kwa sababu hivyo ndivyo Japani inavyoingia katika madarasa yetu mengi. Huingia kama mfano wa kuwaaibishia watoto. Tunawaambia kwamba Wajapani wana nidhamu, wana bidii na treni zao hazichelewi, kisha tunawageukia na kuwauliza: na ninyi je? Mtoto anayefundishwa hivyo haambulii chochote kuhusu Japani. Anachojifunza ni kwamba kuna watu waliozaliwa bora na kwamba yeye si miongoni mwao. Mimi naamini Japani inafaa sana kufundishwa katika shule zetu za msingi, tena mapema, lakini ifundishwe kama nchi ya watu wenye historia: watu waliolima, waliotozwa kodi, waliogombana kuhusu shule, waliowakosea wengine vibaya na kuumizwa vibaya.

Kwa sasa nafundisha katika tambarare ya chini ya Moshi, ambako wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wakulima wa mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa eneo hili ulijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, na wazee wa huku bado wanasimulia jinsi walivyofundishwa kusawazisha majaruba na kupanda miche kwa mistari. Kwa hiyo somo langu la kwanza kuhusu Japani halianzi na ramani wala bendera. Naweka mezani suke la mpunga, konzi ya mchele na sahani ya wali, nawauliza majina yake, nao hucheka kwa kuwa swali ni jepesi mno. Kisha nawaandikia ubaoni maneno matatu ya Kijapani: ine, kome, gohan. Ine ni mpunga ulio shambani, kome ni mchele, gohan ni wali. Kiingereza wanachojifunza katika kipindi kinachofuata hutumia kwa kawaida neno moja kwa vyote vitatu. Wajapani wana matatu kama sisi, na nadhani sababu ni ile ile, kwamba anayekilima chakula, akakivuna, akakikoboa na kukipika haridhiki na jina moja. Tena gohan ndilo neno la mlo wowote. Mlo wa asubuhi huitwa asagohan, yaani wali wa asubuhi, hata siku ambayo mezani kuna mkate.

Kutoka hapo historia inajileta yenyewe. Katika enzi ya Tokugawa, ukoo wa watawala wa kijeshi wa Japani, iliyoanza mwaka 1603 na kumalizika mwaka 1868, utajiri wa bwana wa eneo ulipimwa kwa koku, kipimo cha mchele cha lita 180 hivi, kiasi kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka mzima. Bwana aliyeitwa daimyo alitakiwa kuwa na ardhi iliyokadiriwa kutoa koku 10,000 au zaidi, na samurai, yaani askari waliomtumikia, walilipwa kwa mchele. Wanafunzi wangu huja darasani wamejaa samurai na ninja wa katuni, nami siwakatazi, kwa maana hamu ya mtoto ni mtaji wa mwalimu. Ila huwauliza: huyu samurai mwenye panga mbili kiunoni alikula nini, na nani alikilima? Mtoto ambaye baba yake huamka usiku kulinda zamu yake ya maji mferejini hulijua jibu kabla ya wengine. Wakulima wa Japani walitoa sehemu kubwa ya mavuno yao kama kodi, na wengi wao, waliolima mchele mwaka mzima, walishindia shayiri na nafaka ndogo ndogo. Baada ya kipindi hicho samurai haondoki vichwani mwa watoto, lakini haji tena peke yake. Nyuma yake wanamwona aliyeinama kwenye jaruba.

Jambo jingine ninalolipenda ni sauti za lugha yenyewe. Mtoto wetu wa darasa la kwanza huanza kusoma kwa kuimba a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu. Mtoto wa Japani naye huanza na a, i, u, e, o, kisha ka, ki, ku, ke, ko, kwa kuwa kila alama ya kana, maandishi ya Kijapani ya sauti, husimama kwa silabi. Ndiyo maana Nagasaki, Yokohama na Hiroshima hutamkwa na wanafunzi wangu bila kujikwaa. Alama za msingi za katakana, aina ya kana inayotumiwa kuandikia majina ya kigeni, ni 46. Huzibandika ukutani, na kila mtoto hutafuta jina lake. Asha na Neema humaliza haraka. Halima hugundua kwamba Kijapani hakitofautishi l na r, hivyo ataandikwa Harima, na Mrisho hulazimika kukubali irabu ya ziada, awe Murisho. Siku hiyo hiyo huwaletea pakiti ya karata. Neno letu karata lilitokana na Kireno, na Wajapani walilichukua neno hilo hilo la Kireno wakalifanya karuta, jina la michezo yao ya kadi ambayo huchezwa hasa wakati wa mwaka mpya. Meli za Wareno zilifika pwani yetu mwaka 1498, na Wareno wa kwanza wakafika Tanegashima, kusini mwa Japani, mwaka 1543. Mmisionari Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India, na mwaka 1549 alishuka Kagoshima. Nikiichora njia hiyo ubaoni, watoto wanaona kwamba bahari inayopiga Tanga na Malindi iliwahi kuwapeleka watu, maneno na michezo hadi huko, na hakuna haja ya kuwahubiria kwamba dunia imeunganika.

Sasa nirudi kwenye hiyo nidhamu tunayoisifu mno. Serikali ya Meiji, iliyofuata enzi ya Tokugawa, ilitoa sheria ya elimu mwaka 1872 ikitaka kila mtoto, wa kiume na wa kike, aende shule. Wazazi walipaswa kulipa ada, na wakati huo huo mikono ya watoto ilihitajika shambani. Mwaka uliofuata, katika baadhi ya maeneo, umati wa wakulima waliokasirishwa na kodi mpya, na sheria ya kuandikishwa jeshini, na shule hizo, ulizichoma moto shule zenyewe. Nikiwasimulia wazazi habari hii katika mkutano wa shule, wale wanaolalamikia michango hunisikiliza kwa makini kuliko wengine. Chakula cha shuleni nacho, ambacho leo watoto wa Japani hupakuliana wenyewe wakiwa wamevaa aproni nyeupe na kofia, kilianza mwaka 1889 katika shule moja iliyokuwa ndani ya hekalu la Kibudha mjini Tsuruoka, kwa watoto wa maskini: matonge ya wali, samaki wa chumvi na achari ya mboga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi ikiwa na njaa, watoto walinyweshwa maziwa ya unga ya msaada, na sheria ya chakula cha shuleni ikapitishwa mwaka 1954. Kila desturi tunayoistaajabia ina mwaka wake, gharama zake na watu walioipinga, na mtoto akiyajua hayo hataona kwamba maendeleo ni tabia ya kuzaliwa nayo.

Kuhusu usafi, kuna jambo ambalo mwalimu wa zamu yule hakulisema. Katika shule za Japani usafi ni sehemu ya ratiba ya siku, na ni kawaida mwalimu naye kushika kitambaa na kufuta sakafu pamoja na wanafunzi. Kwetu, mara nyingi mno, kufagia na kudeki choo ni adhabu ya aliyechelewa. Nilipowaeleza wanafunzi wa Darasa la Sita tofauti hiyo, msichana mmoja alinyoosha mkono akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, kwa nini ninyi hamfagii?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu wiki ile nafagia nao darasa letu.

Hata hivyo sitaki kuiacha fimbo moja na kuokota nyingine, kwa hiyo huwaeleza pia habari ya shule ya msingi ya Okawa katika mji wa Ishinomaki. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilileta tsunami, neno ambalo tumelipokea kutoka kwa Wajapani wenyewe, tsu ikiwa bandari na nami ikiwa wimbi. Wanafunzi wa Okawa walikusanywa uwanjani, wakatulia kwa karibu dakika 50 wakingoja watu wazima waamue pa kwenda, ilhali nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Wanafunzi 74 kati ya 108 walipoteza maisha, pamoja na walimu na watumishi 10. Wazazi walifungua kesi, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliithibitisha hukumu kwamba mamlaka ziliwajibika. Siku hiyo hiyo, katika mji wa Kamaishi, karibu wanafunzi 3,000 waliokuwa wamefundishwa kukimbilia juu mara moja, bila kumngoja yeyote, waliokoka isipokuwa wachache sana. Nchi ni moja, tetemeko ni moja, na watoto wote walikuwa na nidhamu. Mwalimu anayewaambia watoto kwamba Wajapani wameendelea kwa sababu ya utii afikirie uwanja wa Okawa kabla ya kulisema tena.

Sehemu ngumu kuliko zote ni vita, na hapa ndipo wenzangu wengi huruka ukurasa. Anayeanza hadithi tarehe 6 Agosti 1945, siku bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, anaacha Korea, iliyotawaliwa na Japani kuanzia mwaka 1910, na China, iliyovamiwa kwa vita kamili mwaka 1937, na mauaji ya Nanjing yaliyofuata. Hayo huyataja bila kuficha, kwa sababu sisi tunaotaka Wajerumani wakumbuke Maji Maji hatuwezi kuwasamehe wengine kwa niaba ya Wachina na Wakorea. Kisha nawaambia kwamba vita hivyo vilikuwa pia vyetu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) waliotoka Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, ilipigana na jeshi la Japani huko Burma (Myanmar ya leo), ikipita katika bonde la Kabaw kwenye mvua za masika za huko, matope na malaria. Watoto wakienda nyumbani na habari hiyo, huenda babu mmoja akakumbuka aliyekwenda Burma na asirudi.

Halafu huwafungulia ramani ya Kongo. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika mradi wa Marekani wa kutengeneza mabomu ya atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika eneo ambalo lugha ya migodini ilikuwa Kiswahili. Watu walioyabeba mawe yale hawakuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani. Hiroshima, ambako waliokufa hadi mwisho wa mwaka 1945 wanakadiriwa kuwa 140,000, inasogea karibu sana na mtoto anaposikia kwamba kisa chake kinapitia kwa watu wenye lugha yake. Namaliza na Sadako Sasaki, aliyekuwa na umri wa miaka miwili bomu lilipolipuka, akaugua saratani ya damu na kufariki tarehe 25 Oktoba 1955. Hospitalini alikunja ndege wa karatasi aina ya korongo akiomba apone. Baada ya kifo chake wanafunzi wa Japani walichanga fedha, na mnara wa kumbukumbu ukazinduliwa Hiroshima mwaka 1958. Sisi hukunja korongo wetu kwa kurasa za madaftari yaliyokwisha, zenye hesabu na alama za mwalimu.

Mzazi mmoja alikuja ofisini kuniuliza, kwa upole na kwa uchungu, kama habari za namna hii ni za kumsimulia mtoto wa shule ya msingi. Nilimheshimu kwa kuuliza, na tulikubaliana jambo moja: picha za miili iliyoungua sizionyeshi, na sitazionyesha, hizo zingoje sekondari. Jina la Sadako nitaendelea kuliandika ubaoni, na miaka yake 12 pembeni, kwa kuwa ndio umri wa wanaokaa mbele yangu.