Mwenye seliaki anakula vizuri zaidi Malindi kuliko Italia, shida ni kile kijiko kimoja cha ngano

Kila nikirudi Malindi lazima kuna mtu ataniambia, wewe na maradhi yako haya bora ukae huko huko Italia, manake huko ndio wana vyakula vyenu. Nimeambiwa na shangazi, nimeambiwa na majirani kule Barani, mpaka dereva wa tuktuk niliyemwambia sili chapati alinionea huruma akasema pole dada, sasa huku unaishije. Naishi vizuri! Na nataka niseme wazi kwamba hilo neno silikubali, nimeishi pande zote mbili na maradhi haya haya na najua sahani ipi inaniweka sawa.

Kwa asiyejua, seliaki si aleji ya kuwashwa na si mambo ya dayati ya kupunguza mwili. Ni kinga ya mwili kuushambulia utumbo wake wenyewe kila gluteni ikiingia, na gluteni ni protini iliyoko kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya huko Ulaya. Ndani ya utumbo mdogo kuna vinyweleo vidogo vidogo ndio vinafyonza chakula, sasa vikiharibika unakula lakini mwili haupati kitu, damu inapungua, mifupa inakuwa dhaifu, tumbo linajaa gesi, unaharisha, na uchovu unaamka nao asubuhi hata hujafanya lolote. Dawa yake hakuna. Ni kuacha gluteni maisha yote, na si kupunguza, ni kuacha.

Haki ya Waitaliano niwape kwanza, manake wanastahili. Wana sheria nambari 123 ya mwaka 2005 inayowalinda watu wenye seliaki, kantini ya shule au ya hospitali ukiomba chakula kisicho na gluteni lazima wakupe, na ukishaandikishwa kwenye huduma ya afya ya serikali unawekewa pesa kila mwezi za kununulia vyakula hivyo. Viwango vilivyowekwa 2018, mwanamke wa miaka 18 mpaka 59 ni euro 90, mwanaume wa umri huo 110. Mwaka 2023 wakapitisha sheria nyengine, nambari 130, ya kupima watoto nchi nzima seliaki pamoja na kisukari cha aina ya kwanza kabla dalili hazijaanza. Na Ulaya yote paketi ikiandikwa haina gluteni maana yake haizidi miligramu 20 kwa kilo moja, si maneno ya muuzaji, ni sheria.

Ukiingia mkahawani asubuhi ukasema una seliaki, yule kijana wa kaunta hakuulizi maswali. Anaosha mikono, anafungua kabati la pembeni, anatoa mkate uliofungwa kwenye plastiki yake, anaupasha moto ndani ya hiyo hiyo plastiki usiguse kitu, anakuletea haujafunguliwa na kisu chake kisafi. Hakuna anayekuambia "si uonje kidogo tu". Hiyo heshima naipenda sana na ndio kitu ningebeba kupeleka nyumbani kama kingebebeka.

Lakini sasa geuza ile paketi usome nyuma. Wanga wa mahindi, wanga wa mchele, sukari, mafuta, na vitu vya kushikanisha unga usivunjike. Faiba, yaani nyuzinyuzi, mara nyingi kiduchu. Yaani wametoa ngano wakaweka wanga mtupu, halafu watu wanakula asubuhi biskuti, mchana pasta, jioni mkate, vyote vya paketi vyenye ile alama ya shuke la ngano lililokatwa ya kuonyesha hakuna gluteni, wanaamini wako kwenye chakula cha afya. Watu wengi wakishagunduliwa wananenepa, na si ajabu, utumbo umepona sasa unafyonza kila kitu na kinachoingia ni wanga na sukari. Kisha mtu anakwenda jimu kukimbia kwenye mashine akitaka kupunguza kitambi kilichotokana na mkate wa ruzuku ya serikali.

Malindi chakula kisicho na gluteni hakihitaji paketi. Sisi tumekulia juu yake! Wali wa nazi, sima ya mahindi, muhogo wa nazi, viazi vitamu, ndizi, mbaazi za nazi, kunde, maharage, pojo, mchicha, kisamvu, ile mchunga chungu ya Wagiriama ambayo watoto wanaikimbia na wazee wanaililia. Samaki wa kupaka, tasi wa kuchoma, pweza wa mchuzi, hakuna ngano hapo hata chembe kama mpishi hakuitia. Angalia meza ya futari ya Ramadhani, toa sambusa, kaimati na tambi, kilichobaki karibu chote nakula. Vitumbua na vibibi asili yake ni mchele na nazi. Mkate wa kumimina ni mchele. Na Lamu kuna mkate wa mofa wa unga wa mtama, ule mgumu wa duara, ukiumega na mchuzi wa samaki huutaki mkate mwengine, na mtama una faiba ambayo ule mkate mweupe wa supamaketi ya Italia hautaiona. Nimekuwa nikiwaambia Waitaliano wenye seliaki ninaokutana nao, nyinyi mnakuja Malindi likizo miaka nenda miaka rudi, tangu enzi za San Marco, kile kituo chenu cha kurusha setilaiti pale Ngomeni, mnabeba pasta zenu kwenye mabegi, na pale sokoni kuna mama ana mafungu ya muhogo mbele yake.

Kwa hiyo kwa nini watu wanaumwa wakija nyumbani? Ni kile kijiko.

Mara ya mwisho nilisimama kwa mama mmoja wa vitumbua jioni, chuma kiko motoni, mafuta yanalia, harufu ya iliki imejaa njia nzima, nikamuuliza mama hivi ni mchele mtupu? Akaniambia mchele mtupu mwanangu. Nikamuuliza tena, ngano hutii? Akasema natia kijiko tu, vishikane. Hakunidanganya, kwake yeye kijiko si ngano, ni kiungo, vile unavyotia hamira. Lakini kwangu kijiko hicho ni utumbo kuumia, basi nikamshukuru nikanunua vya kuwapelekea watoto wa dada. Kwa hiyo usiulize "ni vya mchele?", uliza "umetia nini ndani?" na umwache akutajie kimoja kimoja. Mofa vile vile, siku hizi kuna wanaochanganya mtama na ngano, uliza.

Mafuta ndio adui mwengine. Chipsi ni viazi, bhajia za dengu ni dengu, lakini kama karai hilo hilo limepitia sambusa, mahamri na viazi karai vyenye koti la unga wa ngano basi chipsi zako zimeshaharibika. Nyumbani suluhu ni rahisi, karai lako anza wewe, mafuta mapya, kisha wengine wakaange vyao. Mwiko pia, ule ule uliokoroga tambi usije kwenye mbaazi zangu. Na unga wa uji wa paketi ule wa mchanganyiko, soma vizuri, mwengine umetiwa ngano pamoja na wimbi na soya. Bora ununue wimbi au mawele mwenyewe, uchague, uoshe, uanike, na kwenye kinu cha kusaga uende ambako hawasagi ngano. Sosi ya soya nyeusi ya mahotelini nayo mara nyingi ina ngano, wengi hawajui, kuku aliyerostiwa vizuri anaharibiwa na hiyo.

Halafu kuna lile la "kidogo hakidhuru". Hili linaniuma kweli, manake linatoka kwa watu wanaonipenda. Unakwenda harusini, ma'mkubwa amekupakulia kwa mkono wake, ukikataa hamri unaonekana umeringa, umekuwa mzungu. Jamani mtu wa kisukari akikataa halua siku hizi tunamwelewa, mbona huyu hatumwelewi? Nilichoona kinasaidia ni kuzungumza na anayepika kabla ya siku, si mezani mbele za watu. Mwambie ngano inanipunguzia damu mwilini, sema hivyo hivyo, upungufu wa damu kila mtu Pwani anaujua na anauogopa. Na biriani na pilau zipo, unakula unashiba na hakuna anayeangalia sahani yako.

Kitu kimoja muhimu sana kwa mlioko nyumbani mnaosoma mkajiona kwenye dalili: msiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha kwanza ni cha damu, wanatafuta kingamwili, na mara nyingi kinafuatwa na kuingiza kamera tumboni wachukue kinyama cha utumbo. Ukiwa umeshaacha ngano muda mrefu vyote vinaweza kuonyesha huna kitu na unabaki hujui. Na kuna watu kibao wametibiwa minyoo, amiba na vidonda vya tumbo mara kwa mara bila nafuu, wengine kweli ni minyoo, lakini kama dawa hazisaidii muulize daktari kuhusu kipimo cha seliaki, mtajie kwa jina hilo hilo.

Mazoezi sina mengi. Kama damu iko chini usijilazimishe kukimbia, utaanguka bure, tengeneza damu kwanza kwa chakula na vidonge alivyokuandikia daktari, tembea tu. Damu ikikaa sawa fanya mazoezi yanayobebesha mifupa uzito, kutembea kwa kasi, kupanda ngazi, kunyanyua vitu, manake seliaki inakula mifupa kimya kimya. Hapa Italia nilipo baridi ikiingia jua hulioni na kila kitu ni ndani, jimu unalipia mwezi unakwenda wiki moja. Malindi una ufuo mzima maji yakitoka, mchanga mgumu, saa kumi na mbili alfajiri hakuna joto, bure kabisa, na vijana wetu wanapanda tuktuk kutoka sokoni mpaka Shela, mwendo wa dakika chache za miguu. Lamu mpaka juzi juzi mtu alikuwa anatembea mjini mpaka Shela yao ya kule pembeni ya bahari kila siku na hakuita mazoezi, leo bodaboda zimeingia na miguu imepumzishwa. Hilo linanisikitisha.

Seliaki inatembea kwenye damu ya familia. Mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa, madaktari wanasema takriban mmoja kwa kumi anaweza kuwa nayo hata kama hana dalili. Mimi ndugu zangu nimeshawaambia wote. Dada amepima, yuko salama. Kaka mdogo, yule ambaye tangu utotoni tumbo lake halitulii na kila mtu anamwambia ni mishakiki ya barabarani, bado anasema ataenda wiki ijayo, na mama ameahidi kumpeleka mwenyewe.