Msituambie tusiingize siasa kwenye maafa

Kila likitokea janga huku kanda ya ziwa, kuna kauli inayofika eneo la tukio pamoja na magari ya viongozi: tusiingize siasa kwenye maafa. Anayeitoa mara nyingi ameshika kipaza sauti, na nyuma yake wamesimama watu wenye kofia za kijani na njano. Anayeambiwa ni mtu aliyeuliza kwa nini kivuko kilipakia kupita kiasi, au michango iliyoingia benki imefika shilingi ngapi. Yaani mwenye sare ya chama hajaingiza siasa, ila mwenye swali ndiye kaingiza.

Mimi naona kinyume. Maafa ni siasa tangu siku kivuko kilipokosa matengenezo na mfereji ulipokosa bajeti. Na kinyang'anyiro kikali cha kura, kile cha mgombea kukosa usingizi kwa kutojua nani atashinda, ndicho kinachomfanya mkazi wa bondeni Mabatini, hapa Mwanza, asikilizwe kama mwenye ghorofa Capri Point. Siasa ninayoikataa ipo, nitaisema, lakini hiyo haifanyiki jukwaani.

Tuanze kisiwa cha Ukara, wilaya ya Ukerewe. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilitoka Bugolora kwenda Bwisya ikiwa na watu waliotoka gulioni, ikapinduka karibu kabisa na gati. Kivuko kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228, na waliookolewa 41. Rais Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, akavunja bodi ya TEMESA, wakala wa serikali unaosimamia vivuko, na kumwondoa mtendaji mkuu wake. CHADEMA wakasema walikwishapiga kelele kuhusu ubovu wa kivuko kile na hawakusikilizwa. Nakumbuka vijiweni hapa mjini watu wakiwasema kwamba wanatafuta kura kwenye majeneza. Sikuielewa hoja hiyo wakati ule na siielewi sasa. Mbunge akilalamikia kivuko kibovu kabla hakijazama, tunasema anafanya kazi yake. Akikumbusha kwamba alilalamika, tunasema hana utu.

Kilichofuata ndicho kinachonikera zaidi, na hakikusemwa sana. Oktoba hiyohiyo mbunge wa Ukerewe, Joseph Mkundi, akahama CHADEMA kwenda CCM. Ilikuwa ndiyo miaka ya "kuunga mkono juhudi" za Rais, mtakumbuka, wabunge na madiwani wakihama kwa mafungu. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, na Mkundi akarudi bungeni kwa tiketi ya CCM bila kupingwa. Kuhama chama ni haki ya mtu, sina ugomvi naye. Ninachosema ni kwamba jimbo lililotoka kuzika watu wake kwa mamia lilikosa kampeni. Hakukuwa na mgombea wa pili wa kumbana wa kwanza: nani alikuwa anahesabu abiria pale Bugolora, wajane wanapata nini, kivuko kijacho kitakaguliwa na nani na ripoti yake itasomwa wapi. Kampeni moja ya ushindani, hata ya wiki tatu, ingezaa majibu ambayo tume ya kuchunguza ajali haikuyaleta hadharani kwa namna ambayo bibi wa Bwisya angeyaelewa.

Kivuko kipya kilikuja, hilo nisilifiche, na sehemu ya rambirambi ikaenda kujenga kituo cha afya cha Bwisya. Kazi nzuri. Lakini tazama jina la kivuko chenyewe: MV Ukara II Hapa Kazi Tu. Kaulimbiu ya kampeni ya urais ya 2015, imebandikwa kwenye chombo kilichonunuliwa kwa kodi baada ya msiba wa watu wa vyama vyote na wasio na chama. Hapo sikumsikia mtu akisema tusiingize siasa.

Vuka ziwa uende Bukoba. Tetemeko la 10 Septemba 2016 liliua watu, likabomoa nyumba kwa maelfu, na kuangusha majengo ya shule kongwe za Ihungo na Nyakato. Michango ikamiminika. Kabla mwezi haujaisha, Rais aliwatumbua katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Januari 2017 akaja mwenyewe na kuwaambia wananchi kwamba serikali haikulileta tetemeko na haitamjengea kila mtu nyumba. Michango ingeelekezwa kwenye shule, zahanati na barabara. Bukoba Mjini wakati huo ilikuwa chini ya Wilfred Lwakatare wa CHADEMA, aliyeinyakua 2015 kutoka kwa Khamis Kagasheki wa CCM. Wapo walioamini kwamba Wahaya waliadhibiwa kwa kura yao. Sina ushahidi wa hilo na sitalisema kama ni kweli.

Ila nina swali lisilohitaji ushahidi wa siri. Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliua watu na kufukia nyumba Katesh, na serikali pamoja na wadau wakawajengea waathirika nyumba 109. Vizuri sana, nilifurahi. Sasa sera ya nchi ni ipi? Nyumba ikibomolewa na janga, serikali inajenga au haijengi? Jibu likibadilika kutegemea rais aliyepo, mwaka wa uchaguzi ulivyo karibu, na hali ya hewa ya siasa, basi kinachotolewa ni hisani. Na hisani humfanya mtu ashukuru wakati alipaswa kudai.

Wenzetu wa mbali hawana aibu na mambo haya, na nadhani wanatuzidi hapo. Agosti 2002 Mto Elbe na matawi yake ulifurika mashariki mwa Ujerumani, uchaguzi ukiwa 22 Septemba. Kansela Gerhard Schröder alikuwa nyuma kwenye kura za maoni. Akavaa gamboti, akaingia kwenye matope ya mji wa Grimma, na serikali yake ikaahirisha punguzo la kodi ili fedha ziende kwa waliofurikiwa. Mpinzani wake, Edmund Stoiber, akalaumiwa kwa kuchelewa kufika. Siku ya kura kambi zao mbili zilifungana kwa asilimia 38.5, chama cha Schröder kikitangulia kwa kura elfu sita na ushee katika nchi nzima. Watafiti waliochambua matokeo baadaye walikuta kwamba kwenye maeneo yaliyofurika alipata nyongeza ya kama pointi saba za asilimia, na sehemu ya shukrani hiyo ilidumu hadi uchaguzi wa 2005. Unaweza kusema alinunua kura. Mimi nasema watu wa Grimma walipata fedha haraka kwa sababu mtu mmoja aliogopa kushindwa.

Marekani nayo, siku nane kabla ya uchaguzi wa 2012, kimbunga Sandy kiliipiga New Jersey. Gavana Chris Christie, wa chama cha Mitt Romney aliyekuwa akimpinga Rais Barack Obama, akatembea na Obama kwenye maeneo yaliyoharibika na kumsifu mbele ya kamera. Chama chake hakikumsamehe upesi.

Lakini kuna utafiti mwingine wa Marekani unaonifikirisha kuliko picha hizo. Andrew Healy na Neil Malhotra walichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa kura na matumizi ya serikali kwenye maafa. Wapigakura, walikuta, humzawadia kiongozi kwa fedha za misaada zinazokuja baada ya janga, na hawamzawadii kitu kwa fedha za kujikinga. Na dola moja ya kujikinga, kwa makadirio yao, huokoa kama dola 15 za hasara ya baadaye. Nikisoma hayo naona Mto Mirongo wetu hapa Mwanza moja kwa moja. Anayezibua mfereji kabla ya mvua hapigiwi vigelegele, maana hakuna kilichotokea. Anayekuja na lori la unga na magodoro baada ya maji kuingia ndani anabebwa juu juu. Hapo kosa ni letu wapigakura, tusimsingizie mwanasiasa peke yake.

Sasa ile siasa ninayoikataa.

Oktoba 2024, Donald Trump na Kamala Harris wakikabana koo, vimbunga Helene na Milton vilikuwa vimepiga majimbo ya kusini. Trump alidai fedha za FEMA, shirika lao la maafa, zimetumika kwa wahamiaji, na shirika likakanusha. Makelele ya kampeni. Kisha ikabainika kwamba huko Florida msimamizi mmoja wa FEMA aliwaagiza watu wake wazipite nyumba zenye mabango ya Trump wanapozunguka kuandikisha waathirika. Alifukuzwa kazi Novemba, na mkuu wa shirika akaitwa kujieleza kwenye Bunge.

Wamarekani hupanda bango la mgombea uani, ndiyo maana yule msimamizi alijua nyumba za kuruka. Huku kwetu bango halihitajiki, kwa sababu balozi anakujua. Na balozi wa nyumba kumi, kwa wale wanaodhani ni mtumishi wa serikali, ni kiongozi wa shina la CCM tangu vyama vingi virudi 1992. Ukifurikiwa, anayezunguka kuuliza nani kaathirika mara nyingi ni yeye. Majina yanaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, yanapita kwa mtendaji, yanapanda kata hadi wilaya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kila ngazi. Ya wilaya inaongozwa na mkuu wa wilaya, ya mkoa na mkuu wa mkoa, wote wateule wa Rais. Na baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024, zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchini ina mwenyekiti wa chama kilekile cha balozi. Sisemi wote ni wabaya. Nasema kuanzia mlangoni kwako hadi ofisi ya mkoa, hakuna hata kituo kimoja ambapo jina lako linapita mikononi mwa mtu ambaye hana sababu ya kujali ulivaa fulana gani kwenye kampeni.

Kuna mtaa kando ya Mirongo, sitautaja, ambao maji yaliingia usiku yakabeba vyombo. Jirani yangu mmoja, mama anayeuza dagaa, alipoteza godoro, magunia ya biashara na daftari za shule za watoto. Siku ya kugawa mablanketi tulikwenda pamoja.

"Shikamoo baba mwenyekiti."

"Marahaba mama. Jina lako silioni."

"Lakini baba, balozi alikuja mpaka ndani, akaona matope."

"Mama yangu, mimi nafuata orodha. Orodha haijatoka kwangu."

Mzee alizungumza kwa upole kabisa, sikumwona kama mtu mwenye chuki. Na huenda kweli jina lilisahaulika. Shida ni kwamba yule mama alikuwa akivaa magwanda ya CHADEMA kwenye kampeni za 2015, mtaa mzima unajua, kwa hiyo hakuna maelezo yoyote duniani yatakayomshawishi kwamba alisahaulika tu. Hata kama orodha ilikuwa safi, yeye hana namna ya kulijua hilo, kwa kuwa hakuna aliyemruhusu kuiona.

Mtu ataniuliza, ushindani mkali si ndio utazidisha ubaguzi wa majina? Unaweza. Lakini Mwanza tumeonja hali zote mbili. Mwaka 2010 Nyamagana ilimwangusha waziri, Lawrence Masha, ikamchagua Ezekiel Wenje wa CHADEMA, na Ilemela ikaenda kwa Highness Kiwia. Mwaka 2015 CCM ikayarudisha majimbo yote mawili. Katika miaka ile viongozi walikuwa wanashuka mabondeni bila kuitwa, kila chama kikimchunguza mwenzake amegawa nini, wapi, kwa nani. Uchunguzi huo ulikuwa wa kutafutana ubaya, ndiyo, na ulitusaidia. Oktoba 2025 karatasi ya kura haikuwa na CHADEMA kabisa. Nani sasa anamchunguza nani?

Tuna pia bahati mbaya ya kalenda. Schröder alipata mafuriko kabla ya kura. Sisi uchaguzi mkuu wetu ni mwishoni mwa Oktoba, vuli ndiyo kwanza inaanza. Kampeni zinaanza mwishoni mwa Agosti na kuendelea hadi Oktoba, Mirongo ikiwa kijito cha kuruka kwa mguu mmoja, na wagombea wanahutubia kwenye uwanja mkavu. Maji yanaingia majumbani Novemba, Desemba, na tena Machi hadi Mei, wakati mabango yameshachanika na mshindi yuko Dodoma. Hata Mei 2020, ziwa lilipopanda kuvunja rekodi ya 1964 na kumeza mialo na nyumba za kando, hadi wagombea walipoanza kuzunguka maji yalikuwa yamekwisha kuwa habari ya zamani.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa mtaa ujao nina mambo mawili. La kwanza, orodha ya waathirika ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi siku mbili kabla ya lori kufika, jina, idadi ya watu wa kaya na kilichotolewa, na anayelalamika aandikwe kwa kalamu palepale. Na anayeandikisha asiwe balozi peke yake. Aende na mwalimu, au muuguzi wa zahanati. La pili nitalielekeza kwa diwani: kusafisha na kujengea kingo za Mirongo kumetengewa shilingi ngapi kwenye bajeti ya halmashauri, na zilizotoka ni ngapi. Aje na karatasi, Septemba, kukiwa bado kukavu.