Kiuno changu, Kakamega na Lyon

Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia Kakamega, wa pili Lyon, Ufaransa. Kiuno kiliniuma mara zote mbili, kwa hiyo msije mkaniambia nimesahau kwetu.

Kakamega nilikaa zaidi ya mwezi bila kushika ufagio. Mama mkwe alinikanda kwa maji moto, akanifunga tumbo kwa leso, na uji wa wimbi haukukosekana. Wifi alifua nepi zote. Lyon nilirudi nyumbani na mtoto mkononi, mume akarudi kazini, na jirani wa mlango wa pili hakujua hata kama nilikuwa na mimba. Nililia sana siku hizo, na si kwa sababu ya kiuno.

Lakini kule nyumbani, mapumziko yalipokwisha nilirudia mtungi wa lita 20 na kufua nimeinama juu ya beseni. Kiuno kikaanza. Nikikohoa, mkojo unaniponyoka. Nilimnong'oneza shangazi, naye akasema, "Mwanangu, ndiyo kuzaa huko." Nikanyamaza miaka mitatu.

Ufaransa mkunga aliniandikia vipindi kumi vya mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile ya chini inayozuia mkojo. Bima ya taifa hulipa, na hakuna anayekuona wa ajabu. Swali lake la kwanza: ukikohoa, inakuwaje? Nilitazama viatu vyangu.

Alinieleza hivi. Tumbo ni kama debe. Juu kuna msuli wa kupumulia, kandoni msuli wa ndani unaolizunguka tumbo kama mshipi, nyuma vimisuli vya uti wa mgongo, na chini misuli iliyobeba kibofu na kizazi. Mimba huivuta yote, na ya chini huchoka zaidi mtoto anapopita. Ikilegea, mzigo wote unakiangukia kiuno. Leso inasaidia kushikilia, lakini haiwezi kuifanyia misuli kazi yake.

Zoezi lenyewe halihitaji hata mkeka mzuri. Lala chali, magoti juu. Pumua nje taratibu huku ukibana misuli ile ya chini na kuivuta juu, kama mtu anayezuia hewa isimtoke mbele ya wakwe (mfano huo ni wangu, mkunga alitumia mwingine). Hesabu hadi tano, achia kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Kuachia ni nusu ya kazi. Matako na mapaja yasibane, pumzi isizuiwe. Usifanyie mazoezi haya chooni kwa kukata mkojo. Baadaye unatelezesha kisigino kimoja kimoja sakafuni bila mgongo kuinuka. Yale ya kuinuka kutoka chali, ambayo wasichana hukimbilia ili tumbo liishe, yaache kwanza, hasa kama misuli ya mbele bado imeachana katikati. Na kabla ya kuinua mtoto au mtungi: pumua nje, bana, ndipo uinue.

Ukifa ganzi sehemu za siri, miguu ikikosa nguvu au mkojo ukikataa kutoka, hayo si ya mazoezi. Kimbia hospitali.

Mazoezi haya si mambo mapya. Daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliyaandikia mwaka 1948. Wala si ya pesa nyingi. Mama wa Kakamega hupeleka mtoto chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mara tatu anakaa kwenye benchi lile, mtoto anapimwa uzito, na mimi hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu kiuno. Dakika tano za muuguzi zingetosha.

Mdogo wangu alipojifungua huko Lurambi nilimfundisha kwa simu. Mama mkwe wake alimkuta amelala chali jikoni akamuuliza kama ameanguka. Alipoelezwa, alicheka hadi akakaa chini. Siku hizi yeye ndiye humshika mtoto mpaka zoezi liishe.