Vumbi halizuii kila kitu
Nimesoma makala inayodai eti mashimo meusi makubwa (yenye mvutano usioachia hata mwanga) yaliyogubikwa na vumbi na gesi katika galaksi jirani hayawezi kuchunguzwa. Hapo imekosea. Darubini ya angani ya NuSTAR, iliyorushwa 2012, hunasa eksirei kali zinazopenya pale zile hafifu zinapomezwa. Ndivyo ilivyochunguza shimo jeusi la galaksi ya Circinus, miaka-nuru milioni 13 hivi kutoka kwetu. Nafundisha fizikia hapa Eastlands, Nairobi, na upenyaji huo nauonyesha darasani. Nikiinua dirishani picha ya eksirei ya mkono, nyama imefifia na mfupa umebaki mweupe, darasa zima hunyamaza. Na data za NuSTAR hupokelewa Malindi, pwani yetu wenyewe! Hata Uhuru, setilaiti ya kwanza mahsusi kwa eksirei za angani, ilirushwa hukohuko tarehe 12 Desemba 1970. Walimu wenzangu, wanafunzi wenu wanalijua hili?