Kambi Ambayo Fasihi ya Vita vya Kaskazini Imeiruka

Vita vya kaskazini mwa Uganda vikitajwa katika maandishi, kinachomjia msomaji kwanza ni mtoto aliyetekwa usiku, kamba kiunoni, akitembezwa kwa miguu kuelekea Sudan. Picha hiyo ni ya kweli. Tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), kundi la Joseph Kony, waliwachukua wasichana 139 kutoka shule ya St Mary's, Aboke. Mtawa Rachele Fassera akawafuata porini akarudi na 109. Waliobaki 30 wakaenda na waasi. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, na kinastahili. Tatizo ni kwamba vita hivi viliua watu wengi zaidi mahali pengine, katika kambi za watu waliohamishwa makwao, na kwa njia nyingine, na maandishi machache yaliyojaribu kuingia huko hulaumiwa kwamba hayana kisa, hayana adui, ni maisha ya foleni na homa tu.

Julai 2005 Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani (WHO) walitoa matokeo ya utafiti wao kuhusu wakimbizi wa ndani wa Gulu, Kitgum na Pader. Katika miezi ya kwanza ya mwaka huo, vifo vilikuwa 1.54 kwa siku kwa kila watu 10,000, na kwa watoto chini ya miaka 5 vilifika 3.18. Katika hesabu za misaada, kifo 1 kwa siku kwa watu 10,000 tayari huitwa dharura. Familia zilipoulizwa wapendwa wao walikufa na nini, malaria na UKIMWI vilitajwa zaidi ya silaha. Mauaji ya vurugu yalikuwa asilimia 9.4.

Tukae na asilimia hiyo kidogo. Pabbo, kambi kubwa kuliko zote, ilikuwa na watu zaidi ya 60,000. Ukiupeleka wastani wa utafiti huo kwenye kambi ya ukubwa huo, unapata vifo 9 kwa siku, karibu 65 kwa wiki. Kati ya hao 65, waliouawa kwa silaha ni kama 6. Waliobaki, karibu 59, wamekufa kitandani, mkekani, au njiani kuelekea zahanati. Sasa chukua riwaya au ushuhuda wowote wa vita hivi ulio nao nyumbani, uhesabu vifo vilivyomo. Mara nyingi uwiano utakuwa umegeuzwa juu chini. Mwandishi hajasema uongo kuhusu tukio hata moja, ila kitabu kizima kimekosea kuhusu vita.

Amri zilizowasukuma watu kambini, ile ya serikali ya 1996 na ile ya Oktoba 2002 iliyowapa saa 48 kuhama, zinajulikana. Kinachosahaulika ni jinsi kambi ilivyoua, kwa sababu mauaji yake yalikuwa mnyororo mrefu. Mtu ametolewa kwenye shamba lake na haruhusiwi kulifuata mbali, kwa hiyo mtama, simsim na mboga vinatoweka, vinabaki unga wa mahindi na maharagwe ya mgao. Mgao ukichelewa, mlo unapunguzwa, na mtoto anakonda. Nyumba zimebanana hadi mapaa yanagusana, hivyo moto wa jiko moja hula safu nzima. Kisima cha pampu ni kimoja kwa maelfu, na mama akishinda foleni kwa jerikani moja ya lita 20, hiyo ndiyo ya kunywa, kupika na kuogesha. Kisha homa inampanda mtoto saa mbili usiku. Amri ya kutotoka nje imeshaanza. Njia ya zahanati imefungwa mpaka alfajiri, na mtoto ambaye damu yake imepungua kwa malaria na njaa huenda asifike alfajiri.

Huo mnyororo ni kisa kamili. Una mwanzo, una kizuizi, una saa inayokimbia, una mtu wa kuwajibika katika kila pingili. Anayesema kambini hakuna kinachotokea amezoea kuona tukio pale tu panapofyatuliwa risasi.

Upande wa pili una hoja nzito. Wapo wanaosema malaria haina jina la mhalifu, na kwamba mwandishi akihamisha macho kutoka panga kwenda mbu anamfuta Kony kwenye hesabu. Waasi ndio walioshambulia kambi hizo hizo. Huko Barlonyo, tarehe 21 Februari 2004, waliwachoma watu ndani ya nyumba zao. Kibao cha kumbukumbu kinasema 121, wenyeji wanasema zaidi ya 300. Pale ambapo hata idadi ya maiti inabishaniwa, ushuhuda wa aliyeona kwa macho yake ni mali isiyo na mbadala, na anayeudharau kwa sababu ya mtindo wake anakosea vibaya. Ushuhuda wa aina hiyo ndio uliofika pia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyomtia Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, hatiani kwa makosa 61 mnamo Februari 2021.

Lakini tazama mashtaka yenyewe. Mashambulizi yaliyohukumiwa yalifanyika Pajule, Odek, Lukodi na Abok, na zote nne zilikuwa kambi. Mahakamani kambi ni mahali uhalifu ulipotendeka, basi. Februari 2024 majaji waliamuru fidia kwa waathirika karibu 50,000, na ni haki yao. Mtoto aliyekufa kwa homa Odek wiki moja kabla ya shambulio hayumo. Sheria ina mipaka yake na haiwezi kulaumiwa kwa kuifuata. Fasihi haijawekewa mipaka hiyo na mtu yeyote, ila imeiazima.

Wengine husema kuonyesha vitisho ndiko kunakoleta msaada wa dunia, lakini hata hoja hiyo ina ufa. Kony 2012, filamu ya Wamarekani ya kuhimiza Kony akamatwe, ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja. Ilipoonyeshwa Lira, Machi mwaka huo, watazamaji ambao wengi wao walikuwa wahanga walikasirika, mawe yakarushwa, na maonyesho yakasitishwa. Walikuja kuona kilichowapata, wakamwona Kony na mgeni aliyekuja kumsaka.

Kwamba njia nyingine inawezekana, Uganda tayari ina mfano. Riwaya ya Goretti Kyomuhendo, Waiting, iliyotoka 2007, inahusu siku za mwisho za Amin mwaka 1979 katika kijiji cha Hoima. Askari wanasikika zaidi ya kuonekana, familia inalala vichakani, na mama anakufa kwa uzazi. Vita vimemuua bila kumgusa, na msomaji anaelewa vizuri kwa nini hakukuwa na msaada.

Kuiandika kambi ni kazi ngumu, na wengi hukwama mahali pamoja: wanaandika kama ripoti ya shirika, orodha ya shida bila mtu. Dawa yake ni kuchagua nyumba moja na kipindi kimoja, tuseme kutoka mgao hadi mgao unaofuata, na kuacha vipimo vifanye kazi ya msisimko. Debe likibaki robo siku ya kumi, msomaji anahesabu mwenyewe. Sarufi nayo husaidia: shambulio husimuliwa kwa -li- na -ka-, moja likafuata jingine, lakini kambi inataka hu-, mama huamka, hupanga foleni, hurudi. Hu- hiyo ikikaa kurasa kadhaa, siku ambayo mama hakurudi haihitaji kupambwa.

Wanaojua vipimo hivyo bado wapo Amuru, Gulu, Kitgum na Pader, na wengi wao ni wanawake wazee. Anayekwenda kuwahoji aache kuanza na swali la waasi, kwa sababu jibu lake wameshalitoa mara nyingi mbele ya wageni. Aulize foleni ilianza saa ngapi, jerikani ngapi ziliruhusiwa kwa nyumba, shamba la karibu lilikuwa umbali gani, nani alikuwa na paracetamol usiku, na kadi ya mgao ilikuwa na majina mangapi mwaka wa kwanza na mangapi mwaka wa mwisho.