Gemu za kutisha zisizotisha

Jamani, nani alisema gemu ya kutisha lazima ikupe risasi za kumaliza kijiji kizima? Hapa Mtwara, ukiingia kibanda cha gemu Chikongola ukaomba ya kutisha, unawekewa vita vitupu. Kijana anamimina risasi huku anachungulia simu. Hofu iko wapi?

Gemu ya Resident Evil ya 1996 ilikunyima. Risasi za kuhesabu, Chris, mmoja wa wahusika unaowachezesha, ana nafasi 6 tu za kubebea vitu, na kusevu, yaani kuhifadhi ulipofikia, hupati mpaka uwe na utepe wa wino wa taipureta. Ukibakiwa na utepe mmoja, kila mlango ni mtihani: niingie, au nirudi nikasevu kwanza? Utisho ulikuwa kwenye kukosa, wala si kwenye sura ya zombi. Silent Hill ya 1999 nayo ilijaa ukungu kwa kuwa PlayStation haikuweza kuchora vitu vya mbali, na ukungu huohuo ndio uliotutoa jasho.

Resident Evil ya nne, 2005, ilileta kamera ya begani, unayoona kama umesimama nyuma ya bega la mhusika. Gemu nzuri mno, sikatai. Lakini baada yake bunduki zikatawala; ya sita, 2012, ni milipuko mwanzo mwisho. Afadhali ya saba, 2017, ilirudisha nyumba yenye giza.

Gemu kujisevu yenyewe siigombi, maana umeme wetu tunaujua. Ila wenye vibanda, tuwekeeni na hizo za zamani. Na wewe unayesimama nyuma ya mchezaji ukitaja zombi lilipojificha, nyamaza! Mwenzio amelipia.